Tanga kuukuu la jahazi kama kanvasi: tathmini kwa wasanii wa sanaa mseto, Lamu

Kwa msanii wa sanaa mseto, yaani anayechanganya rangi, kitambaa, mbao na karatasi katika kazi moja, anayefanyia kazi Lamu, hakuna kitambaa kinacholifikia tanga kuukuu la pamba. Kanvasi ya dukani, ile inayoletwa kutoka Mombasa au Nairobi ikiwa imeshatandikwa kwenye fremu, ni nyepesi mno kubeba kipande cha ubao, na fremu zake nyembamba hupinda masika yakiingia. Tanga ni zito, limefumwa kwa kubana, na limelowa na kukauka mara nyingi hata halina tena pa kunywea. Viraka vyake vimeshonwa na mafundi wanaojua upepo unavuta wapi, na hakuna brashi inayoweza kuiga mistari ile ya mishono.

Lakini tanga hilohilo likitumiwa vile lilivyotoka chomboni, linaiharibu kazi. Ukizitazama kwa karibu kazi za tanga zinazouzwa mjini na katika kijiji cha Shela, zile zilizoanza kubambuka au kulegea, utakuta mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: chumvi iliyobaki ndani ya nyuzi, au gundi iliyopewa kazi ya sindano. Tathmini hii inalipima tanga pamoja na vitu vinavyokwenda nalo, yaani mbao za vyombo, gundi, waya, karatasi na vanishi, na kusema kipi kinafaa, kipi kinahitaji kutayarishwa, na kipi kiachwe.

Pa kulipata

Vipande vinavyouzwa kwenye maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya Mji wa Kale, vimeshakatwa na kuteuliwa kwa uzuri wa viraka, na bei yake ni ya mgeni. Anayehitaji tanga la kufanyia kazi aende Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, wanakounda na kukarabati majahazi na mashua. Msimu mzuri ni kusi, bahari inapochafuka na vyombo kupandishwa pwani. Hapo ndipo tanga la zamani hushushwa kwenye foromali, mti unaolishikilia kwa juu, na kuamuliwa kama litatiwa kiraka tena au litaachwa. Mwenye kuliuza ni mwenye chombo, si nahodha wala baharia. Malizana naye mwenyewe, maana tanga lililouzwa na mtu mwingine huleta maneno.

Bei ni ya maafikiano. Kigezo kinachotufaa ni kuulizia kwanza mita moja ya turubai mpya ya pamba inauzwaje kwa wauza vitambaa, kisha kutolipa zaidi ya nusu ya bei hiyo kwa kila mita ya tanga inayotumika. Tunasema inayotumika kwa sababu tanga zima lina sehemu nyingi za kutupa. Ukingo wa nyuma, unaopigwapigwa na upepo, huwa umechoka. Katikati ndiko kwenye kitambaa kizuri. Pembe za goshi na demani, zile zinazofungwa kamba za kulidhibiti tanga, zimeshonewa tabaka juu ya tabaka, hazitandiki, lakini zikikatwa na kushonewa katikati ya kazi zinapendeza kuliko kitu chochote utakachobandika hapo.

Kabla ya kulipa, lipime. Matanga mengi ya siku hizi ni ya nyuzi za plastiki, na mengine ni mchanganyiko: tanga la pamba lenye viraka vya turubali la plastiki. Chomoa uzi kutoka kila aina ya kitambaa unachokiona na uuchome. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Plastiki hunywea, huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kitambaa cha plastiki si kibaya chenyewe, ila rangi za maji na jeso, ile rangi nyeupe ya msingi inayopakwa kabla ya kuchora, hazikishiki, na jua la Lamu hulifanya turubali livunjike vipande vidogo vidogo. Kiraka kimoja cha turubali katikati ya pamba kinaweza kubaki kama kilivyo, bila kupakwa kitu.

Kipimo cha pili ni nguvu. Shika uzi mmoja kwa vidole na uukate. Ukikatika bila kuvuta, jua limeshaula, na kitambaa hicho kitafaa kwa kubandika juu ya ubao tu, si kwa kutundika. Kisha kunja kona na uibane kwa kucha: kitambaa hai hubaki na alama ya mkunjo, kilichokufa hupasuka kwenye mkunjo. Cha mwisho ni uzito. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipime kwa mizani ndogo ya jikoni, zidisha gramu kwa 100, na umepata uzito kwa mita ya mraba. Chini ya gramu 250, usitundike mbao juu yake. Kuanzia 400 kwenda juu, linabeba karibu kila kitu ambacho mkono mmoja unaweza kuinua.

Kuosha, na kwa nini hakuna njia ya mkato

Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani mara unyevu unapovuka asilimia 75 hivi, ikayeyuka na kuwa maji. Unyevu ukishuka, hurudi kuwa fuwele. Hewa ya Lamu huvuka mstari huo na kurudi mara kwa mara, usiku ukienda juu na mchana ukishuka. Kila fuwele inapozaliwa upya chini ya rangi huisukuma rangi kidogo, na baada ya miezi kadhaa unaona malengelenge, halafu magamba. Tena maji ya bahari hayana chumvi ya kawaida peke yake. Yana magnesi kloridi pia, ambayo huanza kunyonya unyevu hata hewa ikiwa na asilimia 33 tu, kiwango ambacho Lamu haishuki kukifikia. Ndiyo maana tanga lisilooshwa halikauki kamwe, hata ulianike kaskazi nzima. Utalishika mchana wa jua kali na bado linateleza kidogo mkononi. Hakuna jeso wala gundi inayoweza kushika juu ya kitambaa cha namna hiyo.

Anza kwa kukung'uta na kupiga brashi kavu pande zote mbili ili mchanga utoke kabla ya maji, kwa sababu mchanga uliolowa huingia ndani ya mfumo wa nyuzi na kuukata. Kata kipande kikiwa kikubwa kuliko kazi kwa sentimita 15 kila upande. Loweka kwenye maji baridi, angalau lita 20 kwa kila kilo ya kitambaa kikavu. Badilisha maji baada ya saa moja, kisha baada ya saa nne, kisha yaache yalale usiku. Endelea kubadilisha asubuhi na jioni. Kitambaa chepesi humaliza siku tatu, pembe zenye tabaka nyingi huchukua wiki.

Maji yenyewe ndiyo shida. Visima vya mjini vingine vina chumvi, na ukiosha kwa maji ya chumvi unahamisha tu. Maji yanayotoka upande wa matuta ya mchanga ya Shela ni bora, na ya mvua ni bora zaidi. Tumia ya kisima kwa maji ya kwanza, na uweke ya mvua kwa mara mbili za mwisho. Anayeweza kupata kipimo kidogo cha umeme cha kupimia chumvi katika maji akinunue, ni kifaa rahisi. Pima maji safi, tia kitambaa, subiri saa moja, pima tena. Namba ikiwa karibu haijapanda, umemaliza. Asiye na kipimo atie vijiko viwili vya maji ya mwisho kwenye kioo kisafi, na vijiko viwili vya maji ambayo hayajatumika kwenye kioo cha pili, aviache juani vikauke. Duara jeupe la kioo cha kwanza likiwa zito kuliko la pili, arudie.

Sabuni ya maji kidogo katika awamu ya pili inatosha kutoa uchafu wa mikono na moshi. Dawa ya kung'arisha nguo isiguse tanga. Klorini huvunja nyuzi za pamba, na kitambaa kinachotoka cheupe leo kitachanika mwakani. Madoa meusi ya ukungu wa zamani hayatoki, na hayana haja ya kutoka. Ukungu hai ndio wa kuuawa: kitambaa kikishakauka, kipanguse kwa spiriti ya asilimia 70 na uache upepo ufanye kazi yake.

Anika kivulini, juu ya kamba mbili zilizo sambamba. Kamba moja hukunja mstari katikati, na kona moja kwenye kigingi huvuta mfumo wote ukaenda mshazari, kwa sababu tanga lililolowa lina uzito mkubwa.

Kutandika au kuning'iniza

Ushauri wetu kwa Lamu ni kuning'iniza. Fremu ya mbao iliyovutwa kitambaa kizito hupigana na hewa mwaka mzima: masika ubao unavimba, kaskazi unarudi, na kitambaa nacho kinakaza na kulegea kwa ratiba yake. Tanga lililopindwa juu na kupitishwa fimbo linatembea litakavyo, na rangi haibebi mvutano wowote. Fimbo iwe mwanzi uliokauka au bomba la aluminiamu. Wengine hupenda mti wa mkoko, na unapendeza kweli, lakini ni mzito, na ukataji wa mikoko unadhibitiwa. Mazio au pau, miti myembamba ya mkoko, zilizotolewa kwenye dari lililobomolewa zinatosha, mradi zikaguliwe kama zina wadudu.

Anayetaka fremu lazima aipe kabari nne kwenye pembe ili iweze kukazwa baadaye, na mhimili wa kati pande zinapozidi sentimita 80. Fremu iliyogundishwa pembe bila kabari usiinunue kwa tanga lolote.

Kwa rangi, paka kwanza akriliki ya kuziba nyuzi, tabaka mbili nyepesi, pale tu utakapochora. Halafu jeso tabaka mbili. Acha sehemu nyingine wazi. Kulifunika tanga lote kwa jeso ni kununua kitambaa kizuri ukakificha. Jambo moja linawaponza wengi hapa: kutengeneza jeso ya nyumbani kwa chokaa ya Lamu. Chokaa inayochomwa kutoka kwa matumbawe si unga wa chaki. Baada ya kuzimwa kwa maji bado ni kali, hula gundi nyeupe polepole na hubadilisha rangi kadhaa; bluu ya Prashia hupotea kabisa ikikutana nayo. Unga wa kutumia ni kalsiamu kaboneti, ule mweupe usio mkali unaouzwa kwa watengeneza rangi. Sehemu moja ya gundi, moja ya maji, na unga hadi iwe nzito kama uji mwepesi.

Sindano kwanza, gundi baadaye

Gundi nyeupe ya mbao ni ya bei nafuu, inapatikana kila duka la vifaa, na kwa kubandika karatasi au kanga juu ya kitambaa inafaa. Ila ina tabia ambayo Lamu inaifichua haraka: huanza kulainika joto linapokaribia digrii 30. Haiachii ghafla, inateleza. Kipande cha ubao kilichobandikwa wima kwenye ukumbi wenye jua la alasiri hushuka milimita kwa milimita hadi siku kinapoanguka, na msanii anadhani mtu alikigusa. Zipo za daraja la D3 na D4 zinazostahimili maji vizuri zaidi. Daraja huandikwa kwenye kopo, na kopo lisilo na maandishi hayo tuchukulie ni la ndani ya nyumba kavu. Hata hizo, tusizipe mzigo wa kuning'inia.

Kitu chochote chenye uzito kishonwe au kifungwe kwa waya. Tanga limefumwa ili lishonwe, na matundu ya sindano hayalidhuru. Toboa ubao matundu ya milimita 3, mawili au manne kulingana na urefu, na uupitishe waya wa milimita 0.8 hadi nyuma ya kitambaa. Huko nyuma weka kipande cha ngozi au cha plastiki ngumu chenye upana wa vidole vitatu ili mzigo usambae. Waya ukikaza moja kwa moja kwenye nyuzi utazikata. El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufanya kazi miaka mingi Nsukka nchini Nigeria, ameunganisha vifuniko vya chupa vya aluminiamu kwa waya wa shaba na kupata pazia kubwa linalokunjika, kusafirishwa na kutundikwa upya kila mara kwa umbo jingine. Hilo lisingewezekana kwa gundi.

Waya wa shaba hugeuka kijani na kulitia tanga doa. Wapo wanaolitaka doa hilo. Asiyelitaka atumie waya wa chuma kisichoshika kutu, wa daraja la 316, lile linalotumika kwenye boti. La 304 huanza kutoa madoa ya kahawia karibu na bahari. Uzi wa kushonea uwe wa pamba uliopitishwa kwenye nta. Uzi wa nailoni au poliesta ni imara kuliko kitambaa chenyewe, na ukivutwa huikata pamba kuukuu kama msumeno, kwa hiyo uuweke kwenye pindo la fimbo tu, ambako tabaka ni mbili au tatu. Hatua ya mshono iwe milimita 8 hadi 10. Ukibana zaidi ya hapo unatoboa mstari wa kuchanikia.

Mbao za vyombo

Kipande cha mbao ya jahazi, chenye rangi ya miaka iliyopita na matundu ya wadudu wa bahari, ni malighafi ya daraja la kwanza, na ndicho kinachoharibika kwa njia nyingi zaidi. Ubao wa chini umepakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Ndani umepakwa sifa, mafuta ya papa. Kalafati, pamba inayosindikwa katikati ya mbao kuzuia maji, nayo ina mafuta. Hakuna gundi inayoshika juu ya mafuta haya, hata ile ya kuchanganya makopo mawili. Tia tone la maji: likisimama kama ushanga, mafuta yapo. Panguza kwa tapentini na vitambaa vinavyobadilishwa hadi kitambaa kitoke kisafi, acha siku mbili, tia tone tena. Harufu ya sifa hupungua, haiishi, na mnunuzi aambiwe hivyo.

Pitisha sumaku kutafuta misumari iliyofichika kabla ya kukata. Kata vipande viwe na unene wa sentimita 1 hivi, ndipo uviloweke, maana chumvi ya ubao mnene haitoki mwezi mzima. Vipande vyembamba vinahitaji wiki mbili, maji yakibadilishwa kila baada ya siku mbili. Vikaushwe kivulini, vikiwa vimesimama, na visikimbizwe juani: msaji huvumilia, mwembe hupasuka. Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu. Rangi za zamani huenda zikawa na risasi, na vumbi lake hukaa mapafuni na kwenye godoro la mtoto. Lowesha, tumia msasa wa maji, kusanya tope na usilimwage kisimani.

Ukiona unga mpya chini ya ubao, kuna mdudu hai. Fungasha ubao ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, na uuweke kwenye friza ya digrii 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Wenye friza za samaki mjini hukubali ukiwaomba vizuri na mfuko ukiwa umezibwa barabara.

Karatasi, kanga na malapa

Karatasi juu ya tanga husumbua kwa sababu pamba inatembea na karatasi haitaki. Kolaji nyingi za Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972, zimefanywa juu ya Mylar, plastiki ya poliesta isiyonyonya unyevu, na uchaguzi huo una maana sana kwa mtu wa pwani. Ukitaka karatasi kubwa kwenye tanga, ibandike kwanza juu ya kipande cha plastiki ya aina hiyo, halafu ukishone kipande hicho. Karatasi ndogo, chini ya kiganja, hubandikwa moja kwa moja kwa jeli ya akriliki, juu na chini. Gazeti hugeuka njano na kuvunjika. Nakili ukurasa kwenye karatasi nzuri. Nakala iwe ya printa ya leza. Ya wino wa maji huchuja mara brashi inapopita.

Kanga ijaribiwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, ioshwe hadi isitoe tena.

Malapa ya kuokotwa ufukweni yamepata heshima tangu Flipflopi, chombo kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kushushwa majini mwaka 2018 kikiwa kimevishwa vipande vya malapa. Kwa sanaa ya ukutani yana kasoro moja kubwa: jua huyafanya kuwa unga. Gundi nyeupe haiyashiki kabisa. Inayoyashika ni gundi ya mafundi viatu, ikipakwa pande zote mbili na kuachwa dakika 10 hadi 15 hadi isinate kidoleni, kisha kubanwa mara moja. Haikupi nafasi ya kusogeza. Fungua madirisha.

Vya kuacha, hata vikiletwa mlangoni

Gamba la ng'amba na sehemu yoyote ya kasa: kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, na hakuna kazi ya sanaa inayostahili kesi hiyo. Vipande vya milango na fremu za kuchonga za zamani pia. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa vitu vinavyolindwa milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946, na vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1895. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kila nakshi inayokatwa kutoka kizingitini ili iwe pambo la fremu ni hasara isiyolipika. Anayetaka nakshi aende kwa mafundi wa sasa, wako wengi na wana mkono mzuri.

Vanishi, ukuta na kufungasha

Vanishi ya mashua isipakwe. Inageuka rangi ya chai na haitoki tena. Vanishi ya akriliki inayoweza kuondolewa, tabaka moja, juu ya sehemu zilizochorwa tu, inatosha. Kitambaa wazi kisiguswe.

Kuta za nyumba za matumbawe hupitisha unyevu. Acha nafasi ya sentimita 2 kati ya kazi na ukuta kwa vipande vya kizibo nyuma ya fimbo na kwenye pindo la chini. Ukuta unaotoa unga wa chumvi usitundikwe kitu chochote.

Kwa anayenunua kazi iliyokamilika: igeuze. Shika tanga kwa nyuma asubuhi na mapema, halafu ushike kitambaa kingine chochote dukani. Tanga likiwa na unyevunyevu na kile kingine kikavu, halikuoshwa. Tazama vipande vizito vimeshikwaje. Ukiona gundi peke yake, omba vishonwe kabla ya kulipa. Vuta kidogo rangi iliyo karibu na kiraka, maana hapo ndipo inapoanza kubambuka. Msanii anayejua kazi yake hatachukia ukifanya haya, na aghalabu atakuonyesha mwenyewe.

Kazi isiyo na mbao huviringishwa, rangi ikiwa nje, kwenye bomba la kipenyo kisichopungua sentimita 15. Kati ya tabaka weka karatasi ya kuokea. Plastiki yenye vipovu ikigusa akriliki kwenye joto la basi la Mombasa huacha alama za duara zisizofutika. Yenye mbao haiviringishwi, itengenezewe sanduku lenye skrubu, si misumari, ili afisa akitaka kuona ndani asivunje kifuniko. Kwenye boti ya kwenda Mokowe, gati la upande wa bara, sanduku likae juu ya benchi. Maji ya ngama, yanayokusanyika chini ndani ya chombo, ni ya bahari, na tanga likilowa hayo baada ya kuchorwa haliosheki tena.